Siku moja maishani mwangu: chumba cha vyombo, kliniki ya meno, Lamu

Saa 12.30 asubuhi. Kazi ya kwanza ni kupapasa ukuta wa stoo kwa kiganja. Nyumba za mawe za Lamu hushika unyevu, na unyevu wenye chumvi ya bahari hula chuma na kuharibu karatasi. Ndiyo maana rafu zimesogezwa sentimita 30 kutoka ukutani, na boksi la chini kabisa liko sentimita 10 juu ya sakafu. Ukuta ukiwa na majimaji, pakiti za karatasi zenye vyombo vilivyosafishwa hukaguliwa moja moja. Karatasi iliyolowa hupitisha vijidudu hata kama gundi imeshika, kwa hiyo pakiti hiyo huhesabiwa chafu na kurudi mwanzo: kuoshwa, kukaushwa, kufungwa upya. Hakuna kuianika juani.

Saa 1.00. Hendipisi, yaani mpini unaozungusha keekee ya meno, na bomba la maji la kiti huendeshwa dakika 2 kabla ya mgonjwa wa kwanza, na sekunde 30 baada ya kila mgonjwa. Maji yaliyolala ndani ya mirija usiku kucha hujenga utando wa bakteria.

Saa 1.30. Trei. Tunapanga za aina tatu, na kila moja hufungwa ikiwa kamili ili mtu asiende kufungua droo akiwa na glavu zenye damu. Ya uchunguzi ina kioo, probu (kijiti chenye ncha cha kupapasia jino) na kibanio. Ya kuziba huongezewa vijiko vya kukwangulia uozo, vya kushindilia, na kisu cha kuchanganyia. Ya kung'oa ina sirinji ya ganzi, eleveta (chombo cha kulegezea jino), shashi na koleo.

Kwenye koleo ndipo wengi hukosea. Gego la juu lina mizizi 3, miwili upande wa shavu na mmoja upande wa kaakaa. Koleo lake lina taya moja lenye ncha, na ncha hiyo hukaa upande wa shavu, ikiingia kati ya ile mizizi miwili. Kwa hiyo la kulia na la kushoto ni koleo mbili tofauti, na ukizibadilisha ncha huangukia kaakaani, jino linateleza au linavunjika. Gego la chini lina mizizi 2, mmoja mbele na mmoja nyuma. Koleo lake lina ncha pande zote mbili, hivyo moja hutosha kulia na kushoto. Sisi tunafunga utepe wa rangi moja kwenye pakiti za kulia na rangi nyingine kwa za kushoto, kwa sababu ndani ya mfuko zote hufanana.

Saa 2.00 hadi saa 6.15. Wagonjwa. Vyombo hufuata njia moja tu: kitini, beseni lenye kifuniko, sinki, meza ya kufungia, otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), kabati. Hakuna kinachorudi nyuma. Sindano hutupwa na aliyeitumia, papo hapo, kwenye boksi la vitu vyenye ncha, nalo hufungwa likijaa robo tatu. Anayelishindilia ili liingie moja zaidi ndiye anayechomwa.

Saa 6.15. Kuosha kabla ya kwenda kuswali, maana damu ikikauka kwenye bawaba ya koleo haitoki kirahisi. Glavu nene za jikoni, miwani, aproni. Maji yawe vuguvugu, chini ya nyuzi 45, kwa sababu maji ya moto huigandisha damu kwenye chuma. Koleo na mikasi hufunguliwa wazi, na brashi hupitishwa ndani ya maji ili matone yasirukie uso.

Wengi bado huroweka vyombo kwenye klorini kwanza. Hapa hatufanyi hivyo. Damu huidhoofisha klorini, nayo klorini huchimba chuma, na kwa hewa hii ya pwani vile vishimo hushika kutu haraka. Klorini ya asilimia 0.5 tunaiacha kwa sakafu na damu iliyomwagika. Dawa ikiwa ya asilimia 3.5, changanya kipimo 1 na maji vipimo 6, lakini soma chupa kwanza.

Saa 7.30 mchana. Otoklevu. Maji yake ni yaliyotoneshwa tu, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji. Maji ya visima vya Shela ni matamu kinywani, lakini yana madini, na madini hubaki ndani ya mashine kama magamba na madoa. Nyuzi 134 kwa dakika 3, au nyuzi 121 kwa dakika 15, halafu kukausha. Pakiti husimamishwa kwa ubavu, karatasi ikitazama plastiki, na chumba cha mashine kisijae zaidi ya robo tatu ili mvuke upite. Stima ikikatika katikati, mzunguko wote huanza upya, hata kama ilibaki dakika 1. Utepe wa otoklevu uliobadilika rangi unathibitisha joto limefika hapo, basi. Ushahidi wa kufa kwa vijidudu ni kichupa cha mbegu sugu za bakteria, zinazotakiwa kufa humo, ambacho tunakiweka mara moja kwa wiki.

Saa 9.00. Mzigo umeshuka kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, boti hadi gatini, kisha punda. Ganzi ndiyo hufunguliwa kwanza, kwa kuwa hutakiwa chini ya nyuzi 25 na adrenalini iliyomo huharibiwa na joto na mwanga. Kiputo kidogo ndani ya katriji, kile kichupa cha ganzi, ni kawaida. Kiputo kikubwa, na mpira uliosukumwa nje, ni dalili kwamba iliganda, na hiyo hairudi kabatini. Zilizobaki huenda friji, mbali na barafu, zinazoisha muda mapema zikiwa mbele.

Kisha kadi ya stoo. Tukitumia katriji 70 kwa wiki na mzigo ukichukua wiki 2, 140 zitaondoka tukisubiri. Ongeza akiba ya wiki 1, zinakuwa 210. Boksi lina 50, hivyo maboksi yakibaki 5 tunaagiza. Miezi ya masika akiba huwa ya wiki 2, kwani basi la mzigo likichelewa hakuna duka la jirani la kukopa ganzi.

Saa 10.30. Hendipisi zatiwa mafuta. Unga wa simenti ya kuzibia hufungwa barabara, maana ukivuta unyevu hugeuka madonge na hauchanganyiki sawasawa. Maji ya otoklevu humwagwa, mlango wake huachwa wazi kidole kimoja, upite hewa hadi kesho.