Karatasi iliyosema nisubiri

Jumamosi Mama alifungua sanduku lake la bati, lile la kijani alilotoka nalo kambi ya polisi. Wanaofika kwangu wanajua halifunguliwi ovyo. Ndani mna barua ya pensheni ya Baba, cheti cha ndoa, hati ya kibanja na faili moja la bluu.

Chanzo ni binti wa kaka yangu. Amemaliza S.6, kidato cha sita, na alikuja na ombi. Kuna watu wanatoa ushauri wa taaluma kwa simu, shilingi 350,000. Wanakupima, kisha wanakuambia kazi inayokufaa. "Shangazi, si hata wewe ulipimwa? Jaja anasema ilikusaidia sana." Jaja ni bibi yake, yaani Mama.

Kabla sijajibu, Mama alikuwa keshapiga magoti mbele ya sanduku. Akalitoa faili, akalipangusa kwa upindo wa kitenge ingawa halikuwa na vumbi. "Hili ndilo lililomnyoosha shangazi yako," akasema.

Kwenye pembe ya juu ya jalada pana doa la mafuta, upana wake kama kiganja cha mtoto. Nilipoliona, harufu ya kuku wa kuchoma wa Namawojjolo, kule wachuuzi wanakosubiri magari kwenye barabara ya Kampala na Jinja, ikanijia pale pale sebuleni.

Ilikuwa mapema mwaka 2012, matokeo yetu yametoka. Tulikuwa bado kambi ya polisi Jinja, tukilala katika vile vibanda vya bati vya mviringo wanavyoviita mama ingia pole, maana mlango ni mfupi na kila aingiaye sharti ainame. Baba alikuwa amepelekwa Karamoja kikazi. Mama alikaanga mandazi nje ya kibanda, 200 kwa moja. Mwaka uliotangulia sukari iliadimika nchi nzima, na kufikia Oktoba mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 30. Sisi wa Jinja tumepakana na miwa ya Kakira, lakini nilimwona Mama akipima sukari kwa kijiko cha chai, akikisawazisha kwa kidole. Katika hali hiyo alidunduliza 150,000 ili nikapimwe Kampala. Nimepiga hesabu yake mara nyingi. Ni mandazi 750, na hapo sijatoa unga, mafuta wala mkaa.

Ofisi yenyewe ilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, zulia mlango hadi mlango. Waliahidi mtihani wa vipaji, mazungumzo matatu na mshauri, ripoti, na kutafutiwa mahali pa kujifunzia kazi. Mtihani nilifanya: maswali 60 ya kuweka alama, kama ningependa kutengeneza saa au kutunza bustani, kuongoza au kuongozwa. Mshauri sikumtia machoni. Safari ya kwanza ana wageni, ya pili yuko mkutanoni, na kila safari ni kilomita 80 kwenda na 80 kurudi. Dada wa mapokezi akanionya nisijaze fomu ya chuo chochote kabla ripoti haijatoka, nisije nikajiharibia maisha. Nikamtii. Pesa inauma, lakini utiifu ule unaniuma zaidi.

Safari ya tatu nilikabidhiwa faili. Sikulifungua mbele yao. Nilitaka kulisoma nimetulia, kama mtu anavyosoma barua ya nyumbani.

Nilipata kiti cha dirishani kwenye teksi ya watu 14. Tulipopita Mukono nikalifungua, na nilikuwa ukurasa wa pili gari lilipopunguza mwendo Namawojjolo. Mnakujua pale. Gari halijasimama, wachuuzi wameshalizunguka wakikimbia nalo, kuku kwenye vijiti, gonja, yaani ndizi za kuchoma, chupa za maji, sauti kumi kwa mpigo. Kijana mmoja aliingiza mkono mzima dirishani, paja la kuku likining'inia mbele ya uso wangu. "Dada, chukua, ni moto huu!" Sikumjibu. Nilikuwa nasoma kwamba mtahiniwa ana uwezo mkubwa katika Fizikia na Kemia.

Nikaurudia mstari. Mimi nilifanya HEG, yaani Historia, Uchumi na Jiografia. Fizikia niliiacha S.4.

Nikafunua ukurasa wa tatu. Napendekezewa Uhandisi wa Petroli, kwa kuwa mafuta yamepatikana na taifa litahitaji wataalamu. Ni kweli, mafuta ya kule Bunyoro yalithibitishwa mwaka 2006, na miaka ile kila mwanafunzi aliimbiwa mafuta, mafuta. Lakini mwenye HEG huwezi hata kuiomba kozi ile. Tena Kiingereza chao kilinitaja kama mwanamume tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Jina langu lilikuwa juu ya jalada tu, kwenye kikaratasi kilichobandikwa.

Nikalifunga faili mapajani, na hapo ndipo tone la mafuta lilipodondoka kutoka kwenye kile kijiti. Nilichukua leso nikasugua. Kadiri nilivyosugua, doa lilizidi kutambaa. Mama mmoja aliyeketi kando yangu, kikapu cha nyanya miguuni, akaniuliza, "Mwanangu, ni karatasi za hospitali?" Nikamwambia hapana, mama, ni za masomo. Akashusha pumzi. "Basi usijali. Zitakauka."

Msitu wa Mabira ulipita sikuuona. Nilizinduka tuko juu ya bwawa, Nile chini yetu, kumeanza kuingia giza.

Mama aliinama akatoka kibandani, koroboi mkononi. Majirani wawili walikuwa pale. Alishawaambia kwamba binti yake amekwenda kuchukua majibu Kampala. "Karatasi inasemaje?" Mwanga ulikuwa umeangukia mkono wake, makovu madogo meupe ya mafuta ya kukaangia, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Nikasema, "Hawajamaliza, Mama. Nirudi wiki ijayo."

Nilirudi. Nikaonyeshwa mstari chini ya risiti: pesa ikilipwa hairejeshwi. Nikawasihi angalau waniangalizie ripoti yangu, maana huenda zilichanganywa na mahali fulani kuna kijana wa sayansi aliyepewa ya kwangu. Wakasema ni hiyo hiyo. Mwenzangu wa darasani akanipeleka Makerere, Jengo la Seneti, tukasimama mbele ya mbao za matangazo. Pale hapakuhitaji hata shilingi moja. Mbao zilieleza kila kitu: A ilikuwa alama 6, B 5, C 4. Masomo ya msingi kwa kozi unayoomba yalizidishwa kwa 3, yanayohusiana nayo kwa 2, na msichana aliongezewa 1.5. Nilijumlisha kwa kalamu kwenye kiganja. Ningeingia kozi niliyoitaka. Lakini siku ya mwisho ya kurudisha fomu za wanaojilipia ilikuwa imepita, siku tisa zilizopita.

Usiku ule Mama aliuliza tena. Nikamwambia, "Imesema nisiharakishe. Nisubiri mwaka mmoja."

Alitafakari kidogo. "Wale wamesoma," akasema. "Basi utasubiri."

Nikasubiri. Mwaka mzima nilikanda unga naye alfajiri, na 2013 nikaingia chuoni. Yaliyofuata mnayajua.

Sasa hapo Jumamosi, Mama alimkabidhi mjukuu wake faili kwa mikono miwili. "Lilimwambia asubiri, akasubiri. Mtazame leo." Akasema atauza mbuzi wake wawili amlipie hizo 350,000, kaka yangu asisumbuke. Mama hasomi Kiingereza. Binti anakisoma. Nilimwona akifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, macho yakirudi kwenye mstari ule ule yaliporudi yangu. Akafunua wa tatu. Akaniangalia mimi, akamwangalia Jaja wake.

"Nisomee basi kwa Kiswahili," Mama akasema, "na mimi nisikie."

Binti alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Inasema Shangazi ana uvumilivu, Jaja. Inasema asubiri."

Mama alicheka kwa furaha, akalirudisha faili sandukuni, akafunga kufuli.

Jikoni nilimweleza binti yote, na kesho tunapanda gari la asubuhi tukaangalie wenyewe anachoweza kuomba kwa alama zake. Aliniuliza kwa nini sikuwahi kumwambia Jaja. Nilianza jibu mara mbili, nikaishia kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Yeye akasema hatamwambia, kwamba hilo ni langu.

Mama ameshampigia mnunuzi wa mbuzi. Anakuja Alhamisi.