Mpira wa Kurusha Uliotinga Wavuni

Watazamaji wengi huangalia mikono ya anayerusha mpira. Mwalimu aliyenifundisha urefa kule Pemba alianza na miguu. Tazama chini kwanza, akituambia: sehemu ya kila mguu iwe imegusa ardhi, juu ya mstari au nje yake. Kisha panda juu: mikono miwili, mpira utoke nyuma ya kichwa na upite juu yake. Basi. Mpira ukisokota hewani si kosa. Hata hivyo mpaka leo watu wakiuona unasokota hupiga kelele "karusha vibaya!", na marefa wachanga wanapuliza filimbi kwa kuwaogopa. Hili linaniuma, maana timu inanyang'anywa mpira wake bila ya haki.

Jioni ninayoikumbuka ni ya msimu wa karafuu wa 2003, kwenye kiwanja kimoja nje kidogo ya Wete, nusu fainali baina ya vijiji viwili. Upande wangu karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi, na kila mpira ulipotoka kina mama walisimama kuukinga usije ukazitawanya. Mistari ilichorwa kwa chokaa. Kufika kipindi cha pili ilikwishafutika pahala pengi. Mwalimu alikuwa refa wa kati, mimi nimeshika kibendera.

Dakika zinakwisha, hakuna aliyefunga. Beki akaenda kurusha karibu na kona ya kwao. Mpira ulikuwa umelala penye chokaa iliyobaki, ubavu mmoja ukapata baka jeupe. Akamrushia kipa wake, na alirusha sawasawa, miguu na mikono. Kipa alijua haruhusiwi kuudaka kwa mikono mpira aliorushiwa na mwenzake, kwa hiyo akanyoosha mguu autulize. Mpira ukapita chini ya kiatu ukatinga wavuni. Watu wakamwagika uwanjani wakishangilia bao.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye lile baka jeupe. Lilikuwa likizunguka pamoja na mpira, na lilipopita chini ya kiatu halikubadilika hata chembe: mzunguko ule ule, mwendo ule ule. Hakuugusa. Nikaelekeza kibendera kwenye kona. Mwalimu akanitazama mara moja tu, akaonyesha kona.

Nahodha wa washambuliaji akaja mbio. "Mwalimu, mpira si umo nyavuni? Mwaka jana Birmingham na Aston Villa ilikuwa hivi hivi! Mellberg kamrushia Enckelman, mpira ukaingia, na refa kakubali goli!"

Hakuwa akibabaisha. Mechi ile ya ligi ya Uingereza, Septemba 2002, Mellberg akiwa beki wa Villa na Enckelman kipa wake, ilizungumzwa sana kwenye baraza zetu.

"Kweli, mwanangu," Mwalimu akamwambia, sauti ya chini kabisa. "Lakini kule refa aliamua kipa kaugusa kwa mguu. Akishagusa, ni goli. Hapa hakugusa. Mpira wa kurusha ukiingia goli la mrushaji mwenyewe moja kwa moja, ni kona. Na mngelirusha nyinyi ukaingia kwao bila ya kuguswa, ningeliwapa wao goli kiki."

"Nani kasema hakugusa?"

"Mwenzangu yule. Alikuwa karibu kuliko mimi na wewe."

Hapo watu wakaanza kunijia mimi. Mwalimu hakutoa kadi, hakurudia maelezo. Alikuja akasimama mbele yangu, mgongo kwangu, uso kwa watu, filimbi mkononi, akangoja. Mzee mmoja wa kijiji kile kile kilichokuwa kikilalamika akawarudisha vijana wake nyuma ya mstari. Nimeona marefa wakikimbizwa kwa uamuzi mdogo kuliko ule, na naamini kilichotusalimisha ni kwamba alimjibu nahodha swali lake, kwa sheria yenyewe, bila ya kumkaripia.

Kona ikapigwa, beki akaitoa kwa kichwa. Tukaenda kwenye penalti, na waliolalamika wakatolewa.

Baadaye, watu wakielekea msikitini kwa magharibi, nahodha yule akanifuata.

"Wallahi hakuugusa?"

"Wallahi hakuugusa."

Akataka nimwonyeshe. Tukaenda sote wawili mpaka golini, nikamwonyesha alipoweka mguu kipa na nilipokuwa nimesimama mimi, nikamweleza habari ya baka la chokaa. Akauokota mpira, akaugeuza mpaka akaliona.