Nimekesha kwa mstari mmoja wa .env

Yakhe, juzi nimekesha hapa Chake mpaka adhana ya alfajiri. Nimebadilisha paswedi ya databesi kwenye .env, lile faili la mipangilio ya programu, narifreshi, kosa lile lile, narifreshi tena, wapi! Kumbe dotenv, kile kifurushi kinachoisomea programu faili hilo, inasoma mara moja tu seva inapowaka, sasa usipoizima ukaiwasha utabaki na ya zamani. Nikaizima, nikaiwasha, bado! Ndo nikakumbuka asubuhi nili-export DB_PASS, yaani niliiweka paswedi ya zamani kwa jina hilo hilo la kwenye .env, kwenye teminali ile ile, na dotenv ikikuta jina lishakuwepo hailigusi, ina adabu za kijinga hizo. Nikapiga unset DB_PASS kuifuta, nikaiwasha seva tena, ikashika. Halafu DEBUG=false nayo, ile ya kuzima kuonesha makosa, Node inayoendesha programu inaipokea kama maandishi, na maandishi yasiyo tupu kwake ni kweli, basi makosa yote yanamwagika mbele ya wateja.