Kama sheria ingetosha

Siku hizi nasoma Waraka kwa Wagalatia, na kinachonishika kila nikiufungua ni hasira ya Paulo. Nyaraka zake nyingi huanza kwa shukrani. Hata Wakorintho, waliokuwa wakigombana, wakipelekana mahakamani, wengine wakilewa kwenye meza ya Bwana, aliwaanza kwa kumshukuru Mungu kwa ajili yao. Wagalatia hawakupata shukrani hata ya mstari mmoja. Salamu zikiisha tu, anawaambia anastaajabu jinsi walivyoiacha neema upesi hivyo wakageukia injili ya namna nyingine. Sura ya tatu ndiyo anawauliza ni nani aliyewaloga.

Na walikuwa wamefanya nini? Waraka haulalamiki kwamba wamerudia sanamu zao, wala kwamba wamemkana Kristo. Walitaka kuongeza bidii. Walikuja walimu wakawaambia kumwamini Yesu ni jambo jema, ila peke yake halitoshi: sharti watahiriwe, washike siku na miezi na majira, kama sheria ya Musa inavyoagiza. Leo watu wa namna hiyo tungewapa uongozi kanisani. Paulo aliona wanakufa. Sababu yake ameiweka katika mstari ambao nimeupigia mstari hadi karatasi imekaribia kutoboka: "ikiwa haki hupatikana kwa njia ya sheria, basi Kristo alikufa bure." Hapo hakuna nusu kwa nusu. Kama ninaweza kujiokoa kwa kujitahidi, msalaba haukuwa na kazi. Na kama msalaba ulikuwa wa lazima, basi kujitahidi kwangu hakuwezi kuuongezea kitu.

Jambo hili limeacha kuwa hoja ya vitabuni kwangu tangu shangazi yangu alipougua. Ni mtu wa maombi tangu sijazaliwa. Ana daftari lenye jalada lililoshonwa kwa uzi, na kila ukurasa ameugawa kwa rula: tarehe, mfungo, sababu. Upande wa nyuma ni zaka. Pale alipopitiwa na usingizi bila kusali, amechora mstari mwekundu. Juzi alinipa nilishike, nifungue, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza majibu ya vipimo: "Mwanangu, unaona zimetosha?"

Nilishindwa kumjibu papo hapo. Nilichokiona usoni mwake ni hofu, na iliniumiza, kwa sababu mtu huyu amempenda Mungu maisha yake yote. Lakini sheria ndivyo ilivyo ikigeuzwa kuwa ngazi ya kupandia mbinguni: haina kidato cha mwisho. Ukifunga siku moja, mbona si mbili? Ukisali saa nzima, mbona akili ilitangatanga nusu yake? Paulo anasema wazi kwamba anayetegemea matendo ya sheria yuko chini ya laana, maana sheria inadai mtu ayafanye yote yaliyoandikwa ndani yake, na adumu katika hayo.

Nikamsomea Luka 23, yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Hakubatizwa. Hakutoa zaka. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwenye mti, hata kama angetaka kufanya jambo jema asingeweza. Alisema tu, "nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako," akaahidiwa pepo siku ileile. Shangazi akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo mimi na yule tunaingia kwa mlango mmoja?"

"Mlango mmoja, shangazi."

"Na mifungo yangu yote hii, kazi bure?"

Swali hilo ni zito, na naona wahubiri wengi wa neema hulikimbia. Nilirudi kwenye daftari, safari hii nikasoma ile safu ya sababu. Mtoto wa jirani ana homa. Ndoa ya fulani inayumba. Kijana aliyetoroka nyumbani. Ukurasa baada ya ukurasa, karibu hakuna mfungo aliofunga kwa ajili ya nafsi yake. Nikamwambia hivi: mifungo hii haikukununulia wokovu, lakini haikuwa bure. Ni matunda. Ndiyo ile "imani itendayo kazi kwa upendo" ya Wagalatia 5:6. Kosa ni kuuchukua upendo huo na kuupeleka kwa Mungu kama risiti.

Alitaka nimthibitishie kwa Maandiko, na ana haki. Tukaenda kwa Ibrahimu. Mwanzo 15:6 inasema alimwamini Bwana, naye akamhesabia jambo hilo kuwa haki. Kutahiriwa kwake kuko sura ya 17, akiwa na miaka 99, na siku hiyo Ishmaeli alikuwa na miaka 13. Sura ya 15 Ishmaeli hajatungwa mimba. Yaani kwa zaidi ya miaka 13 Ibrahimu alikuwa amekwisha kuhesabiwa haki, na hana alama yoyote mwilini. Torati ya Musa yenyewe, kwa hesabu ya Paulo, ilikuja miaka 430 baada ya ahadi. Yakobo naye, anaposema katika waraka wake kwamba imani pasipo matendo imekufa, ananukuu mstari uleule wa Mwanzo, lakini anautazama kutoka kwenye madhabahu ambayo Ibrahimu alikuwa tayari kumtoa Isaka juu yake, katika sura ya 22. Paulo anaonyesha mti ulipoota mizizi, Yakobo anadai kuona matunda. Sioni ugomvi kati yao.

Nasema hivi nikijua Wakristo wamegombana sana hapa. Martin Luther, aliyeanzisha matengenezo ya kanisa, alipoielewa Warumi 1:17, kwamba mwenye haki ataishi kwa imani, alisema alijiona kama amezaliwa upya. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukajibu mwaka 1547 kwa kulaani mafundisho kadhaa ya Wanamatengenezo, yaani Luther na wenzake. Ilibidi kungojea hadi tarehe 31 Oktoba 1999, pale Augsburg, ndipo Wakatoliki na Walutheri wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu walipotia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika imani, si kwa stahili yetu. Tofauti hazikuisha zote, lakini nililisoma tamko hilo kwa furaha.

Ila kinachonigusa zaidi ni kisa cha Antiokia, anachokisimulia Paulo katika waraka huohuo wa Wagalatia. Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, kisha walipofika Wayahudi kutoka kwa Yakobo akaanza kujitenga kwa kuwaogopa waliotahiriwa. Paulo akampinga ana kwa ana, mbele ya wote. Ilikuwa habari ya meza tu, mtu angeweza kusema, ya nini kelele? Lakini sheria ikishafanywa kuwa sharti la wokovu, lazima wawepo watu wanaoondolewa mezani. Nimewahi kuona mtu aliyeokoka majuma machache tu akipewa orodha ya mambo ya kuacha kabla hajaelezwa vizuri Kristo amemfanyia nini. Jambo hilo linanitia uchungu mpaka leo.

Shangazi hajakubali yote. Jana kaniuliza: ikiwa ni imani, Mungu alitoa sheria ya nini? Nikamwonyesha kwamba Paulo mwenyewe aliuliza swali hilo, na kwamba anaiita sheria kiongozi wa kutuleta kwa Kristo. Akanisikiliza, akasema jibu ni zuri lakini Warumi 7 ina mengine, na tukifika huko nijiandae.