Kwa mguu hadi zizi la Eumaeus

Teksi ya bandarini Vathy, kwenye kisiwa cha Ithaca huko Ugiriki, ilitaka euro 20 kunifikisha inapoanzia njia ya chemchemi ya Arethousa, na kurudi nijitegemee. Nikatembea. Ni kama saa moja na nusu: kwanza lami kuelekea kusini mwa kisiwa, kisha njia ya mawe katikati ya vichaka vya miiba. Beba maji lita 2 kutoka mjini, na viatu viwe vya soli ngumu, maana changarawe huteleza zaidi ukishuka na bahari iko chini kabisa, kushoto kwako.

Chemchemi yenyewe inakatisha tamaa. Ni ufa kwenye jiwe na maji kidogo. Juu yake kuna genge la Korax, yaani Mwamba wa Kunguru, ambapo, katika utenzi wa mshairi wa kale Homer, nguruwe wa Odysseus, mfalme wa Ithaca, walikula mbegu za mwaloni na kunywa maji meusi mpaka wakanona. Wapo wanaodai Ithaca ya Homer ilikuwa Paliki, rasi ya kisiwa jirani cha Kefalonia. Mimi nilikuja na kitabu cha 14 cha utenzi huo, Odyssey, na kwa miguu yangu kilitosha.

Tazama jinsi Homer anavyomtambulisha Eumaeus, mtumwa anayechunga nguruwe hao huku bwana wake Odysseus yuko mbali. Mazizi 12, kila moja majike 50, jumla 600. Madume hulala nje, nao wamebaki 360 tu, kwa sababu kila siku mmoja aliyenona kuliko wote hupelekwa mjini kuliwa na wanaume wanaotaka kumwoa Penelope, mke wa Odysseus. Ukuta wa boma aliujenga Eumaeus mwenyewe, mawe chini na miiba ya mpea-mwitu juu, bila kuagizwa na Penelope wala na mzee Laertes, baba wa Odysseus. Ukiipanda njia hii ndipo unapoelewa maana ya kuswaga dume la kilo nyingi hadi mjini, ili liliwe na watu usiowapenda, huku ukijua idadi ya waliobaki.

Lakini huyu mwaminifu alikuwa mtoto wa mfalme. Aliibwa na yaya wake pamoja na mabaharia wa Foinike, akauzwa kwa Laertes. Mtu aliyekulia karibu na Bagamoyo hawezi kusoma sifa za mtumwa mwema bila kukunja uso. Nadhani Homer naye alilihisi jambo hilo. Katika kitabu cha 17 mbwa Argos, aliyemngoja bwana wake Odysseus miaka 20, amelala juu ya samadi amejaa kupe. Anamwona bwana wake amerudi, anatikisa mkia, kisha anakufa. Watumishi wamempuuza, na anayewalaumu ni Eumaeus: bwana akiondoka, anasema, watumwa huacha kazi, kwani siku mtu anapotiwa utumwani Zeus, mkuu wa miungu, humnyang'anya nusu ya ubora wake. Anayasema hayo yeye, mtumwa, ambaye siku chache kabla alilala nje na nguruwe wa bwana wake.

Ilikuwa usiku wa kwanza wa mgeni wake, yaani Odysseus aliyejigeuza ombaomba asitambulike, na mvua ilinyesha. Mgeni alilazwa karibu na moto. Eumaeus alijifunga upanga, akavaa joho zito, akachukua ngozi ya mbuzi na mkuki, akaenda kulala na madume chini ya mwamba wenye pango, upande usiofikiwa na upepo wa kaskazini. Odysseus alimwona akitoka, akafurahi, asiseme kitu.

Kahawa ya Vathy jioni ilikuwa euro 4, ya baridi, nusu yake barafu.