Waingereza Walipokalishwa Sakafuni

Martha Graham, Mmarekani mwasisi wa dansi ya kisasa, alipoleta kundi lake la dansi London mwaka 1954, watazamaji walikuwa wachache. Lakini Mwingereza Robin Howard, aliyepoteza miguu yote miwili vitani, aliguswa sana. Baadaye akawalipia vijana wa Uingereza wakasome New York kwa Graham mwenyewe, mwaka 1966 akaanzisha shule ya dansi London, na mwaka 1967 Robert Cohan, mchezaji wa siku nyingi wa Graham, akaja kuongoza kazi ya sanaa. Kwa maoni yangu, kilichoibadilisha Uingereza ni darasa la kila asubuhi kuliko maonyesho ya jukwaani.

Darasa la balei huanza kwa kusimama na kushika ufito. La Graham huanza chini: unakaa, nyayo zimekutana, mgongo umenyooka juu ya mifupa ya makalio. Kisha kubana na kuachia. Pumzi inatoka, fupanyonga linarudi nyuma, kiuno kinajaa, na mkunjo unapanda pingili kwa pingili hadi shingoni. Pumzi ikiingia, mgongo unanyooka tena kuanzia chini.

Aliyelelewa na balei hukosea palepale. Amezoea kuinua kifua, hivyo akiambiwa abane huangusha mabega na kuinamisha kichwa. Kwa mbali utadhani amepatia, lakini kiuno hakijasogea. Mwambie aongeze urefu wa mgongo huku akibana. Kubana si kulegea. Katika nafasi ya nne ya sakafuni, mguu mmoja umekunjwa mbele na mwingine nyuma, anayelazimisha tako la upande wa nyuma liguse chini hulipa kwa goti. Mzunguko utoke nyongani.

Mmarekani mwingine, Merce Cunningham, aliyecheza London mwaka 1964, alileta kitu kingine: mgongo unaopinda, kujisokota na kuinama ubavu huku miguu ikifanya kazi yake kwa kasi. Richard Alston, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa shule ya Howard, alimfuata New York mwaka 1975, na mwaka 1986 akawa kiongozi wa Rambert, kundi la dansi la Uingereza.

Huko Dartington, chuo cha sanaa cha Uingereza, Mmarekani Mary Fulkerson alikwenda mbali zaidi miaka ya 1970. Wanafunzi wake walilala chali, wakaiwazia mifupa yao kwanza, ndipo wakasogea.