Rufaa ya kiwanja cha Kayenze: kwa nini sikutaka kesi ianze upya

Hukumu ilisomwa mchana, na kilichoniangusha kilikuwa kitu ambacho hakuna aliyekitaja tangu shauri lifunguliwe: stempu.

Kiwanja chenyewe kiko Kayenze, Ilemela, mkoani Mwanza, karibu na maji, tunapoanikia dagaa. Mama alikinunua kwa jirani miaka ya 1990. Hati iliandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya kaunta buku, wakasaini mbele ya mashahidi. Jirani alipofariki, mwanawe akaja na habari kwamba tuliazimwa tu. Nikafungua shauri baraza la ardhi la wilaya, nikaitoa ile hati, upande wa pili ukasema hauna pingamizi, ikapokelewa. Kumbe mwenyekiti alipokaa peke yake kuandika hukumu, aliona haina stempu ya ushuru, yaani alama ya kuonyesha kwamba ushuru wa serikali kwa hati hiyo umelipwa, akaiondoa kwenye ushahidi. Bila hati hiyo mimi nilibaki na maneno ya mdomo tu.

Binamu yangu alitaka tuanze kwa kelele. Mimi nilianza kwa karani: barua ya kuomba nakala ya hukumu, tuzo (amri inayotokana na hukumu) na mwenendo wa shauri (kumbukumbu ya yote yaliyosemwa barazani), na nakala yangu ya barua ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Rufaa ya kutoka baraza la wilaya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Muda wa kusubiri nakala hautahesabiwa, lakini utathibitishaje kwamba uliomba kama huna mhuri? Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kukata rufaa peke yake hakuzuii mshindi kukazia hukumu, yaani kuitekeleza. Zuio linaombwa kivyake, nami niliomba.

Mwenendo nilipoupata niliusoma ukurasa kwa ukurasa na kalamu nyekundu, nikitafuta neno stempu. Halikuwepo. Siku niliyotoa hati, imeandikwa hivi: “Mjibu maombi: Sina pingamizi. Baraza: Inapokelewa, kielelezo P1.” Basi. Baada ya hapo ni mashahidi mpaka mwisho, na hakuna mahali baraza lilipotugeukia kutuuliza, “Jamani, na ushuru?” Mistari hiyo miwili ndiyo iliyonipa rufaa.

Msaidizi wa kisheria aliyenisaidia kuandaa sababu za rufaa alikuwa mama mkali kidogo. Binamu alitaka tuandike kwamba mwenyekiti alipendelea, shahidi wao mwongo, kiwanja kilipimwa vibaya. Yule mama akafyeka yote, akabakiza moja: baraza liliibua hoja lenyewe na kuiamua bila kutusikiliza. Akanionyesha Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, kisha kesi ya Mbeya-Rukwa Autoparts, ambamo Mahakama ya Rufani ilisema haki ya kusikilizwa ni haki ya kikatiba. Hukumu za namna hiyo zinasomwa bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, kwenye simu.

“Lakini, mwanangu,” akasema, “kosa peke yake halitoshi. Lilikuumiza nini?”

Swali hilo lina uzito, kwa sababu kifungu cha 45 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi kinasema uamuzi hautenguliwi kwa kasoro ambayo haikusababisha haki kupotea. Jibu langu lilikuwa rahisi. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Ushuru wa Stempu kinaruhusu hati isiyolipiwa ipokelewe ukilipa ushuru pamoja na adhabu yake. Ningeulizwa, ningekwenda TRA, mamlaka ya mapato, nikalipa.

Mahakama Kuu, wakili wa upande wa pili alinishangaza. Alikubali kosa lipo, halafu akaomba mwenendo wote ufutwe, shauri lisikilizwe upya mbele ya mwenyekiti mwingine. Ukimsikia unaweza kudhani ananihurumia. Mimi nilijua shabaha yake: shahidi wao mkubwa hakutokea barazani hata mara moja, na kesi mpya ingempa nafasi ya kutokea. Wangu, kwa upande mwingine, ni wazee, na mmoja sasa hatoki kitandani. Ushahidi wake uko kwenye ule mwenendo na si pengine.

Nikajibu kwa kanuni iliyowekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1966, katika kesi ya jinai, ambayo mahakama zetu huitumia mpaka leo: usikilizaji mpya huamriwa pale wa kwanza ulipokuwa batili au wenye kasoro, si ili mtu azibe mapengo ya ushahidi wake. Kwetu usikilizaji ulikuwa safi. Kilichooza ni hukumu.

Jaji alifuta hukumu na tuzo tu, akarudisha jalada barazani ili pande zote zisikilizwe kuhusu stempu, kisha hukumu mpya iandikwe. Gharama kila mtu abebe zake, kwa kuwa kosa lilikuwa la baraza. Hilo la gharama liliniuma, na bado naona si haki kamili.

Kuna mama wa Ukerewe niliyezoeana naye kwenye benchi la mahakama ambaye mambo yake yalikwenda vingine. Aliyemuuzia shamba hakuunganishwa kwenye shauri tangu mwanzo, na usikilizaji mzima ulifanyika bila mtu huyo muhimu. Hapo hakuna cha kuokoa, kila kitu kilifutwa, naye akarudi kupandisha mashahidi meli ya Nansio mmoja mmoja. Ukichunguza, tofauti yetu ni mahali kosa lilipoingilia.

Jalada liliporudi nililipa ushuru na adhabu, hati ikagongwa stempu, upande wa pili ukapewa nafasi ya kujibu, na hukumu mpya ikanipa kiwanja. Kijana wa jirani amekata rufaa akidai stempu ilichelewa. Safari hii hoja hiyo imebishaniwa wazi na ipo kwenye mwenendo, na mjibu rufaa ni mimi.